Mtani wa Marehemu Kalunde

Mtambo ulikuwa umempa Kalunde kila kitu isipokuwa sababu ya kukohoa.

Mwanvita Kondo alimtazama kwenye skrini. Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, kanga mbili, amesimama katikati ya ua wenye banda la kuku na jiko la mkaa. Alikohoa. Kikohozi kilikuwa chake kweli, kimetolewa kwenye ujumbe wa sauti aliowahi kumtumia mtu. Lakini alikikohoa hewani tu, kama fundi anayejaribu kipaza sauti. Hapakuwa na moshi, wala pilipili, wala mgeni aliyekaa mno hadi wenyeji wakaanza kukohoa ili aage.

"Hukohoi hivyo, mama," Mwanvita alimwambia. "Wewe hukohoa ukiwa na neno."

Alishika kalamu ya kuchongea, akaanza upya.

Alikuwa amechoka kabla hajafika pale. Uchovu wa kutafuta kazi haukai miguuni; hukaa usoni, kwenye misuli ya kutabasamu. Tangu apate stashahada yake ya sanaa za kidijiti alikuwa amewatabasamia watu wengi waliokaa nyuma ya meza nyingi, na wote walimwandikia maneno yaleyale: tunasikitika kukujulisha. Wao wakisikitika, yeye alirudi chumbani kwake Chang'ombe, Dodoma, kuchora vinyweleo. Hicho ndicho kilikuwa kijungujiko chake. Studio za ng'ambo zilimtumia nyuso zilizokwisha kutengenezwa na mitambo, naye akatia vinyweleo puani na mistari viganjani, kipande kwa kipande, bila jina lake kuandikwa popote.

Studio ya Upeo ilikuwa inaajiri mchora wahusika. Wa mkataba, mwenye kiti chake na jina lake.

Mchezo wao uliitwa Uani. Sheria ilikataza kuuza wafu, lakini haikukataza kuuza michezo, kwa hiyo Uani ulikuwa na pointi. Ulizipata kwa kuokota mayai, kumenya karanga na kushinda bao. Hakuna mtu aliyewahi kuziangalia hizo pointi. Watu waliingia Uani kwa sababu ukivaa miwani na glavu, marehemu wako alikuwa pale, anapepeta mchele, anakuuliza mbona umechelewa.

"Unaendeleaje, mdogo wangu?"

Aliyeingia ni Adventina Kokushubira, mkuu wa wahusika, ambaye studio nzima ilimwita Dada Koku. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, mwenye desturi ya kugonga mlango akiwa tayari ndani.

"Naendelea, Dada. Huyu mama mmemtoa wapi? Ana vituko!"

"Kwenye hifadhi yetu. Mchezaji wake ataingia baada ya chakula cha mchana. Umpe nafsi, basi. Mwili mtambo umeshampa."

Mwanvita hakuuliza zaidi. Katika kila usaili aliowahi kufanya, mtu wa kuchorwa alikuwa wa kubuni, video zake zimeigizwa, na aliyekuja kumlilia alikuwa karani wa ofisi hiyohiyo. Hakuwaza kwamba Upeo wangefanya tofauti.

Akarudi kwenye video. Kwa kweli, kazi ya mtambo ilikuwa kujumlisha na kugawanya. Ulimeza picha, mikanda ya harusi na jumbe za sauti, kisha ukatoa mtu. Lakini mtu huyo alikuwa wastani wake mwenyewe. Akicheka, alicheka kicheko cha katikati ya vicheko vyake vyote. Akitembea, alitembea mwendo ambao hakuutembea siku yoyote ya uhai wake. Mchezaji alipomwona alisema, ndiye, halafu punde tu mwili wake ukakataa: kiganja kikapoa ndani ya glavu, mapigo yakashuka. Kazi ya mchora wahusika ilikuwa kuuvunja huo wastani.

Na Kalunde alikuwa na mengi ya kuvunjia. Alitembea bega la kushoto likitangulia, kama mtu anayesukuma mlango mzito. Simu aliishika mbali na sikio na kupayuka, kana kwamba mtandao umekatika na sauti inabidi ifike Tabora yenyewe. Mchuzi aliuonja kiganjani kwa mlio. Kuku aliwasomea mashtaka.

Mwanvita aliyachukua hayo yote na kuyavuta. Bega lilipotangulia, alilitanguliza zaidi. Mlio wa kuonja aliufanya usikike hadi kwa jirani. Alifanya hivyo akitabasamu peke yake, tabasamu ambalo halikuombwa na mtu, na kwa muda ule alisahau kwamba alikuwa anaomba kazi.

*

Mchezaji alikuwa mzee mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi mikunjo inakata. Mwanamke wa rika la Mwanvita alimshika kiwiko, akamketisha, akambusu paji la uso na kutoka. Mwanvita aliwatazama kupitia kioo.

Wamempata mwigizaji mzuri, aliwaza. Hata shati kalipiga pasi.

Mzee alivaa miwani. Kwenye skrini ya nje, alionekana ameketi kigodani uani, magoti juu, ameshikilia bakuli la karanga kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua.

Kalunde akatokea jikoni, bega mbele.

"Wewe!" Alikuwa anamwelekea kuku. "Jana nilikwambia nini? Nijibu. Nijibu mbele ya wenzako!"

Kuku alimtazama kwa jicho moja. Kalunde alisubiri jibu, mikono kiunoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya hakimu aliyechoka na kesi. Simu ikaita. "HALOO! Ndiyo mimi! Nani mwingine atashika simu yangu?" Akafunua sufuria, akaonja kiganjani, mlio ukapasua ua. "Hii chumvi kaweka nani, adui?" Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akakumbuka kwamba aliyepika ni yeye mwenyewe. Akakohoa.

Mzee akaangua kicheko.

Kilianza kama kwikwi, kikamkunja. Karanga zikamwagika. Alicheka huku akipiga paja, akaita jina, akacheka tena, na humo humo kicheko kikageuka, machozi yakaanza kutoka chini ya miwani, na mwili wote ukatikisika kama unaopakuliwa mzigo. Fundi wa vipimo alisimama. Kalunde aliendelea kumfokea kuku.

Kisha mzee alifanya jambo ambalo watu wa Upeo hawakuwahi kuliona. Hakusubiri kengele ya kumaliza muda. Alivua miwani mwenyewe, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akasema, "Haya. Basi. Imetosha."

Halafu akaongeza: "Nani kamfanya hivi? Aje hapa."

Koku aliingia na Mwanvita, akiwa na sura ya mtu anayeandika barua ya kuomba radhi kichwani.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwanvita.

"Marahaba. Wewe mtu wa wapi?"

"Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

Mzee alimgeukia yule mwanamke aliyemleta, ambaye sasa alikuwa amesimama mlangoni. "Sikukwambia, Milembe? Nilijua humu ndani kuna mshenzi. Mtu mwenye adabu zake hawezi kumgombanisha marehemu wa watu na kuku."

Neno marehemu lilimfikia Mwanvita, lakini ulimi wake ulishatangulia. "Na nyinyi Wanyamwezi! Mlipofika pwani mara ya kwanza si mlichota maji ya bahari mkakorogea uji, mkauliza nani kazidisha chumvi?"

"Tulikuwa tumechoka na mizigo! Nyinyi mlikuwa mmekaa mnapiga ngoma. Hata leo. Shamba mmeuza, ngoma mmebaki nayo."

"Baba," alisema Milembe, lakini naye alikuwa anacheka.

Mzee Kapela, hilo ndilo lilikuwa jina lake, alimshika Mwanvita mkono na hakuuachia.

"Mke wangu tulimzika hapa mjini," alisema. "Kampuni ilileta maturubai. Kampuni ikaleta wali. Kampuni ikaleta hata watu wa kuimba. Mtani hakuletwa. Hakuna aliyejifunga kanga yake akatuonyesha alivyokuwa akitembea. Wote walimsifu, wakamsifu, hadi nikadhani tumemzika mtu mwingine. Leo ndiyo nimemzika Kalunde."

Mwanvita alikuwa amemfanyia mzaha mke wa mtu, akidhani ni wa kubuni.

Na bado hakuna aliyekasirika, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hata kwa shangazi yake Sikudhani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mnyamwezi akifa jirani, shangazi aliitwa. Aliingia msibani kwa kelele, akajifunga nguo ya marehemu, akamwigiza: alivyokohoa, alivyokopa, alivyojikuna. Akazuia jeneza lisitoke hadi apewe kuku. Wafiwa walicheka wakiwa na makamasi, na baada ya hapo waliweza kula. Mwanvita alimtazama tangu yu mdogo. Kumbe chuo kilimfundisha kalamu tu.

*

"Kaa," alisema Koku ofisini kwake.

Kwenye ukuta palikuwa na mistari miwili ya vipimo vya Mzee Kapela. "Huu ni mwili wake. Sijauona ukipanda hivi kwa mchora yeyote. Na huu ni muda aliokaa. Huu nao sijawahi kuuona."

"Ni mfupi."

"Mfupi kama salamu. Na amesema hana haja ya kurudi. Mwanvita, mchezo ambao mtu anaumaliza siku ya kwanza si mchezo."

"Labda alikuwa amemaliza."

"Watu hawamalizi wafu wao." Koku hakulisema kwa ukali. Alivua miwani yake ya kusomea na kuiweka mezani. "Baba yangu yumo Uani. Kila nikitoka kazini nampitia. Ananiuliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Niambie, namdhuru nani?"

Mwanvita aliitazama ile miwani mezani.

"Nafasi ni yako," Koku aliendelea. "Mkataba wa kudumu. Bima. Jina lako linatokea mchezo unapofunguka, herufi kubwa. Watu wakikuuliza unafanya kazi gani hutaanza tena na 'kwa sasa'. Ila umemzidisha yule mama. Mpunguze. Asiwe kichekesho, awe mke wake. Mzee arudi, akae, tuone. Akikaa, unasaini."

"Na kabla sijasaini, Kalunde ni wa nani?"

"Wako. Kazi ya usaili ni ya msailiwa, sheria imesema hivyo, maana studio zilikuwa zinawasaili watu ili ziwaibie. Ukisaini anakuwa wetu."

"Mzee amesema harudi."

"Ataitwa," alisema Koku.

Mwanvita alikaa kwenye kibanda cha wachoraji akiutazama ukuta. Alifikiria ile pua ya ng'ambo iliyokuwa ikimsubiri nyumbani, na baada yake nyingine, na nyingine. Alifikiria mama yake, aliyekuwa ameacha kumuuliza habari za kazi ili asimwaibishe. Halafu akashika kalamu.

Kila tabia aliyoichonga ilikuwa na kidhibiti chake, cha kuvuta juu au chini. Akashusha bega hadi lilipokuwa kwenye video, si chini zaidi wala juu zaidi. Akashusha mlio wa kuonja. Akashusha sauti ya simu. Alifanya taratibu, kwa ustadi wake wote, maana hata akichoka hakujua kufanya kazi mbovu. Na kadiri alivyoshusha ndivyo Kalunde alivyozidi kuwa mtu. Mwishoni alikohoa kidogo kwa sababu ya moshi, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga, akatazama upande wa Mwanvita.

Mwanvita alijikuta amesimama, ameweka mikono nyuma, kama mtu aliyefumwa kwenye nyumba isiyo yake.

*

Mzee Kapela alirudi. Shati lake halikuwa limepigwa pasi. Hakutaniana na mtu, alipita moja kwa moja na kuvaa miwani.

Kalunde alikuwa amekaa mkekani anamenya karanga.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" mzee alimuuliza.

"Niende wapi? Niko hapahapa."

Mzee hakucheka wala kulia. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akaketi kando yake. Akaanza kumweleza habari za bati la jikoni linalovuja. Kalunde aliitika kila baada ya maneno machache, mm, mm, kama alivyoitika maisha yake yote. Kengele ya kwanza ililia. Mzee aliongeza muda bila kugeuza kichwa.

Milembe alikuwa kwenye benchi la ukumbini, na furushi mapajani. Mwanvita alikaa pembeni yake.

"Nilidhani hataki kurudi tena," alisema.

"Hakutaka." Milembe alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kulia mahali pengine. "Alipotoka hapa siku ile alikula. Alilala. Asubuhi akafungua sanduku akagawa kanga za mama kwa majirani, kila kanga na tusi lake. Watu walicheka, nyumba ikawa nyumba. Jana simu yake ikaita. Nilikuwepo, niliisikia. Sauti ya mama. 'Baba Milembe, mbona umenyamaza? Au umepata mwingine?'"

Mwanvita alielewa Koku alimaanisha nini aliposema ataitwa.

"Akanituma nyumba kwa nyumba nizirudishe," Milembe akasema na kuligusa furushi. "Anasema mama atazitaka. Umewahi kumwomba mtu akurudishie kanga aliyopewa msibani? Mmoja alikuwa ameibebea mtoto. Alimfungua mtoto mgongoni, akanipa kanga. Dada yangu, sijawahi kuona aibu ya namna ile."

Kengele ililia tena. Ndani, mzee akaongeza muda.

"Ni wewe uliyemfanya?" Milembe aliuliza. "Wa leo pia?"

"Ni mimi."

Milembe alimtazama, si kwa hasira. Ilikuwa afadhali angekasirika. "Ni yeye kabisa," alisema. "Hata mimi nikimwangalia naogopa nitaingia."

*

Koku alikuwa anamsubiri karibu na skrini, ameshika kibao cha kusainia. "Anakaa," alisema kwa furaha ya kweli. "Hongera, mdogo wangu. Weka kiganja hapo tumalize."

Kibao kilikuwa na mwanga wa kijani na alama ya mkono. Mwanvita alikitazama. Hakuhitajika hata kuandika jina.

"Nikikataa, nikamwondoa sasa hivi, nini kitatokea mle ndani?"

Koku hakuelewa upesi. Alipoelewa alikishusha kibao. "Mkeka utabaki mtupu mbele yake. Ghafla, katikati ya neno. Yule ni mzee, Mwanvita."

"Basi mzee nitamtoa mimi mwenyewe."

Nyuma ya kibanda cha wachoraji kulikuwa na suti ya mwendo, nguo nyeusi ya kubana ambayo mchora huivaa anapotaka mhusika aufuate mwili wake. Mwanvita aliichukua kwenye msumari.

"Ukiingia humo," Koku alisema, "usirudi mezani kwangu."

"Nimekuelewa, Dada."

"Miaka yote hii unatafuta. Mwenyewe umeniambia." Sauti yake ilikuwa inabembeleza. "Kesho utaamka na nini?"

Mwanvita alifunga zipu, akavaa miwani. Hilo swali alikuwa ameshajiuliza, na jibu lake halikuwa zuri.

Uani palinukia moshi. Glavu na miwani havikuwa na harufu, lakini ubongo uliitia wenyewe. Mzee alikuwa bado anazungumzia bati. Mwanvita aliinua mkono, na mkono wa Kalunde ukainuka. Akasimama. Akatanguliza bega, akazunguka ua, bega likazidi kutangulia hadi likagonga nguzo ya jiko.

"Nani kaiweka nguzo hapa!" Sauti iliyotoka ilikuwa ya Kalunde. "Jana haikuwepo! Wewe kuku, ushahidi wako uko wapi?"

"Usifanye hivyo," alisema mzee.

Mwanvita aliokota simu, akainyoosha mkono wote, akapayuka salamu za Tabora.

"Kalunde, nimesema usifanye hivyo." Kisha sauti ikashuka. "Mzaramo. Ni wewe."

"Ni mimi, mzee."

"Toka." Alijaribu kuinuka, akashindwa, akabaki amepiga goti mkekani. "Yule wa siku ile nilikushukuru. Mbele ya watu nilikushukuru. Huyu niachie. Sikuombi kitu kingine. Niachie huyu."

Mwanvita alikuwa ameingia na matusi tele, yote mazuri, yote ya Kisarawe. Hakuna lililotoka. Mtani haombi ruhusa msibani, hilo alilijua. Hafukuzwi, hasusiwi, hakasirikiwi. Lakini shangazi Sikudhani alijifunga kanga ya marehemu tu. Hakuwahi kuvaa uso wake. Juu ya ile kanga, wafiwa walikuwa wanamwona Sikudhani, na pengo lake la mbele na jasho lake, na kwa sababu walimwona yeye ndipo walipojua kwa hakika nani hayupo.

Akapeleka kidole kwenye kiwiko, palipokuwa na kitufe, akazima ngozi.

Uso wa Kalunde ukaondoka. Nywele zikaondoka, na mikunjo ya shingo, na kovu dogo la kidevu ambalo Mwanvita alikuwa amelichonga kwa upendo. Ulibaki mwili mtupu usio na sura, rangi ya udongo wa mfinyanzi, umejifunga kanga mbili.

"Ndicho kilichokuwepo," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi na kanga. Niwie radhi, mzee wangu. Huyu wa leo nilikudanganya."

Mzee aliutazama ule mwili kwa muda mrefu. Kuku alipita kati yao. Hatimaye mzee alinyoosha mkono ukutani, akachukua kiatu, akakivaa, akachukua cha pili. Akatoweka uani.

Walikutana ukumbini. Milembe alikuwa amemshika kiwiko baba yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Mwanvita.

Mzee Kapela alipita bila kuitikia. Milembe aligeuka mara moja, kisha akamfuata baba yake na furushi lake.

Mwanvita alirudi kibandani, akamfuta Kalunde, kwanza wa pili kisha wa kwanza. Koku alisimama nyuma yake hadi skrini ikawa tupu.

"Tutampata mwingine wa kumchora," alisema.

"Labda."

"Ulikuwa bora kuliko wote waliokuja. Nataka ulijue hilo."

"Asante, Dada," alisema Mwanvita, akaenda zake kwenye upepo na vumbi.

*

Pua ilikuwa ya askari fulani wa sayari fulani. Waliagiza vinyweleo vya mtu anayevuta sigara. Mwanvita alikuwa amefika nusu ya pua. Mama yake alikuwa amepiga asubuhi, wakaongea habari za mvua.

Simu iliita. Namba ya Milembe. Walikuwa wamepeana siku ile ya kwanza, kwenye vicheko.

"Haloo?"

"Wewe Mzaramo."

Mwanvita aliweka kalamu chini.

"Mimi niko makaburini hapa," Mzee Kapela alisema. Nyuma yake upepo ulivuma na mtu alikuwa anakwatua majani. "Kaburi la mke wangu limeota majani kama uwanja wa mpira wa kwenu. Na mtani wake, anayepaswa kulisafisha, yuko wapi? Amekaa. Ndiyo kazi mnayoiweza. Mnakaa, mnaangalia jua likitembea."

Mwanvita aliitafuta hasira ndani ya sauti hiyo. Sauti alizijua, zilikuwa kazi yake. Kama ingekuwemo angeiona. Aliikuta huzuni, nyingi, imekaa mahali pake. Hasira hakuikuta.

"Mnyamwezi na jembe vimeachana lini?" aliuliza. "Au mmezoea kubeba tu?"

"Jembe ninalo. Mgongo ndiyo sina. Njoo ulime."

"Mmepika nini?"

"Ohoo! Milembe, umesikia? Hajashika mpini, anauliza sufuria!" Kisha mzee akapumua. "Kazi walikupa?"

"Hawakunipa."

"Ningeshangaa. Nani atamwajiri Mzaramo?" Akakohoa. "Kuku yupo. Fanya haraka, jua linachoma."

Mwanvita aliiacha pua ya askari, upande mmoja una vinyweleo, mwingine laini kama yai, akapiga magoti kuzitafuta kandambili zake chini ya kitanda.